Chaneli usizozilipia: waya ulioachwa, splita ya jirani, au king'amuzi cha bure?

Nilipohamia chumba changu cha sasa huku Nyakato, Mwanza, nilikuta waya mweusi umepenyezwa kwenye kona ya dirisha, umekunjwa mara tatu na kufungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Niliuchomeka nyuma ya televisheni, nikaiacha itafute chaneli, zikaingia arobaini na moja: taarifa za habari, katuni, tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili, na mpira. Sikuwa nimejaza fomu wala kumlipa mtu. Mama mwenye nyumba alipopita akaniambia, "Huo ni wa yule kijana aliyehamia Kahama, mwanangu. Kama unaonyesha, wewe tazama."

Nilitazama wiki tatu. Wiki ya nne nikaanza kujiuliza kama ninachofanya ni halali, na nilipouliza watu nikagundua kila mmoja ananijibu swali lake. Shemeji yangu alidhani nazungumzia kuvuta waya kwa jirani. Fundi simu alidhani naulizia programu ya mpira wa bure. Mzee mmoja wa kanisani alidhani nazungumzia TBC1, televisheni ya taifa. Sote tunaziita "chaneli za bure", kumbe ni mambo yenye uzito tofauti kabisa, mbele ya sheria na mbele ya dhamira. Nimeyapanga hapa ubavu kwa ubavu ili anayetaka kuchagua ajue hasa anachagua nini.

Kipimo changu ni hiki: mwenye chaneli ameuacha mlango wazi kwa makusudi, ameusahau wazi, au ameufunga na mimi nikaufungua?

Mlango ulioachwa wazi kwa makusudi

Hapa hakuna mgogoro, ingawa wengi wanaogopa bure. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Tanzania, kwa kuanzia na Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kampuni zilizopewa kazi ya kusambaza matangazo ya dijitali ya nchi kavu, yaani StarTimes, Ting na Continental, ziliwekewa sharti: chaneli za kitaifa kama TBC1, ITV, Channel Ten, Star TV na EATV zionekane hata mteja asipolipia kifurushi. Kwa hiyo kifurushi chako kikiisha na TBC1 ikaendelea kuonyesha, hakuna aliyesahau kukukatia. Ni haki yako. Vituo hivyo huishi kwa matangazo ya biashara, na TBC pia kwa fedha za umma, na kila jicho linalotazama linawafaa.

Mwaka 2018 jambo hili lilitikisa sebule nyingi. TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ilisema kampuni za setilaiti za kulipia, zikiwamo DStv, Azam na Zuku, hazikuwa na leseni ya kubeba chaneli hizo za bure, na chaneli hizo zikaondolewa kwenye ving'amuzi vyao. Watu walilalamika sana, na baadaye utaratibu ulirekebishwa na chaneli zikarudi. Lakini hoja iliyokuwa chini yake ilikuwa ya maana: chaneli ambayo mwananchi hapaswi kuilipia isipotee kwa sababu hajanunua kifurushi cha mtu mwingine.

Kenya nao walibishana jambo linalofanana na hilo hadi Mahakama ya Juu. Royal Media, Nation na Standard walidai kuwa StarTimes na GOtv wanabeba chaneli zao bila ruhusa, na kwamba huo ni wizi wa hakimiliki. Hukumu ya tarehe 29 Septemba 2014 ilisema kubeba chaneli za bure kwa kufuata kanuni ya mdhibiti si uvunjaji wa hakimiliki. Februari 2015 vituo hivyo vikazima matangazo kwa karibu wiki tatu vikipinga ratiba ya kuhamia dijitali. Ukiona kampuni kubwa na mawakili wake zinakesha juu ya swali la nani abebe chaneli ya bure, usishangae fundi wa mtaani naye akichanganyikiwa.

Mlango uliosahauliwa wazi, na mlango uliopandiwa nguzo

Huu ndio uliokuwa msiba wangu, na ndio wenye kona nyingi.

Kebo za mijini kwetu ni waya mmoja unaotembea juu ya nguzo, na kila nyumba inachomoa tawi lake. Mteja akihama, fundi anapaswa kurudi kukata tawi. Asipopata muda, tawi linabaki hai. Mpangaji mpya akikuta linaonyesha, hajavunja kitu. Mkataba ulikuwa wa mtu mwingine, kosa la kutokata ni la kampuni, na kuchomeka waya uliokuwa ndani ya chumba unachokilipia kodi si jambo la kumpeleka mtu polisi.

Linganisha na anayepanda nguzo usiku, anabandua ganda la waya mkuu na kuunganisha wake. Wote wawili wanatazama mechi ileile na wote hawajalipa. Lakini wa pili amegusa miundombinu ya mawasiliano ya mtu mwenye leseni, na kuichezea ni kosa la jinai. Tena anawaharibia wengine. Ukiugawa waya wa kebo mara mbili, kila upande unapata chini kidogo ya nusu ya nguvu ya mawimbi. Kiungo kilichofungwa kwa plasta kinavujisha zaidi, na mvua ikinyesha maji yanaingia. Mwenye kulipa aliye mwisho wa mtaa ndiye anayeona chenga, halafu anampigia simu fundi na kumlaumu.

Sasa je, mimi niliyekuta waya umeachwa niko salama milele? Kisheria, hapa kwetu anayetafutwa zaidi ni anayesambaza, wala si anayekaa kwenye kochi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtangazaji haki ya kuruhusu au kukataza matangazo yake kurushwa upya, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka anayetoa huduma awe na leseni. Kwa ndugu zetu walioko Marekani mambo ni makali zaidi: sheria ya shirikisho inamgusa hata mtazamaji wa nyumbani anayepokea kebo kwa makusudi bila idhini, na adhabu inafika dola 1,000 au kifungo cha miezi sita. Huko waya wa intaneti na wa televisheni mara nyingi ni mmoja, kwa hiyo mtu aliyelipia intaneti tu anaweza kuchomeka televisheni na kukuta chaneli. Ukikutana na hilo, swali la "makusudi" ndilo litakalokulinda au kukuangusha.

Na swali hilohilo ndilo lililoniondolea usingizi. Wiki ya kwanza sikujua. Wiki ya nne nilijua kabisa kwamba kijana anayekaa chumba cha pili analipa shilingi elfu kumi na tano kila mwezi kwa kitu ninachokipata bure, na kwamba kampuni ingejua, ingekata. Kuanzia hapo kusahau kwao kuliacha kuwa bahati yangu. Niliona ni kama muuza duka aliyekurudishia chenji zaidi: ukigundua ukiwa nyumbani hujaiba, lakini ukikaa nayo kimya, umeamua.

Niliwatumia ujumbe. Siku ya pili akaja kijana wa kukusanya fedha, begi dogo kifuani na kitabu cha risiti mkononi.

"Shikamoo dada. Ni wewe uliyesema waya unaonyesha?"

"Marahaba. Ni mimi. Una deni lolote la kunidai?"

Akacheka, akapindua kurasa zake. "Deni ni la yule kaka wa Kahama, na tulishamfuta. Wewe ukitaka tuendelee, tunaanza na mwezi huu. Hutaki, nakata sasa hivi."

Nikalipa mwezi mmoja, akaandika namba ya nyumba kwenye risiti na kufunga kitambulisho cha plastiki chekundu kwenye waya, juu ya dirisha. Sikudaiwa hata senti ya wiki zile nne. Nalisema hili kwa sababu watu wengi hunyamaza wakiogopa kubebeshwa malimbikizo.

Kulipa hakufanyi kitu kuwa halali

Ningetamani hadithi iishie hapo. Miezi miwili baadaye, katikati ya mechi, pembeni ya skrini kulitokea kisanduku cha maandishi kikisema kifurushi kinakaribia kuisha. Mimi sina king'amuzi. Halafu picha ikahama yenyewe, orodha ya chaneli ikapita, mtu asiyeonekana akachagua chaneli nyingine, na nyumba nzima ikapiga kelele. Kumbe kule kituoni kwao kulikuwa na king'amuzi cha nyumbani, kilicholipiwa kifurushi kimoja, kinachomwagwa kwa mamia ya nyumba. Mimi nilikuwa nalipa kwa uaminifu, na aliyekuwa anapokea fedha yangu hakuwa na haki ya kuuza alichoniuzia.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ulinganisho mwingi wa bei hurukia hatua hii. Kebo halali hununua haki ya kusambaza kutoka kwa mwenye chaneli. Kebo ya ujanja hununua kifurushi cha familia moja. Kwa macho ya mteja zinafanana: risiti ipo, fundi yupo, waya upo. Dalili za kuzitofautisha ni chache lakini ziko wazi. Angalia kama ujumbe wa king'amuzi unajitokeza, au namba ndefu inayoelea kwenye skrini wakati wa mechi kubwa. Namba hiyo huwekwa na wenye chaneli ili kukamata king'amuzi kinachovujisha. Angalia kama chaneli ya mpira "inahama" kulingana na mechi, dalili kwamba kuna mtu mwenye rimoti. Na bei: kifurushi chote cha ligi za Ulaya hakiwezi kuuzwa kwa nauli ya daladala za siku tatu. Unaweza pia kumuuliza mwenye kebo kwa heshima kama leseni yake ya TCRA inaonekana ofisini. Mwenye nayo ataonyesha ukutani.

Je, mteja ana kosa? Kwa aliyedanganywa, sioni kosa. Baada ya kisanduku kile kutokea, mimi sikuweza kusema nimedanganywa. Nilisitisha.

Splita ya jirani

Hili ndilo watu wanalolitetea kwa nguvu, na ninaelewa kwa nini. Jirani ni ndugu. Kama king'amuzi chake kinafanya kazi na ukuta ni mmoja, kuna ubaya gani kufunga splita, kile kigawanya waya, na kupitisha waya?

Tofautisha mambo matatu. Kwenda kukaa sebuleni kwa jirani na kutazama naye ni ujirani, na hakuna mkataba duniani unaokataza mgeni. Kupitisha waya ukutani ili utazame kwako ni kuvunja mkataba wake, kwa sababu kifurushi cha nyumbani ni cha kaya moja. Atakayekatiwa ni yeye, si wewe, na hilo pekee lingetosha kumfanya mgeni mwema asite. Lakini kuvuta nyaya kwenye vyumba kumi na kukusanya elfu tano kila chumba si ujirani tena. Huyo amekuwa kituo cha kebo kisicho na leseni.

Na kwa anayetafuta thamani ya fedha: waya unaotoka kwenye king'amuzi unabeba chaneli moja tu, ile aliyoiweka mwenye rimoti. Mtoto wake akitaka katuni saa mbili usiku, taarifa yako ya habari imekwisha. Baadhi ya kampuni huuza huduma ya kuunganisha king'amuzi cha pili kwenye akaunti moja kwa ada ya ziada, lakini kwa kaya ileile. Kama ni wewe na kijana wako anayelala chumba cha uani, ulizia hiyo kabla ya kununua splita.

Mlango uliofungwa ukavunjwa

King'amuzi "kilichochezewa", kadi inayolishwa na seva, programu ya simu yenye chaneli elfu tatu kwa bei ya soda: hapa sina cha kusitasita. Chaneli ya kulipia hufungwa kwa ufunguo unaobadilika kila baada ya sekunde chache. Kadi halali huusoma. Wenye seva huchukua kadi moja halali, wakanyonya ufunguo na kuusambaza kwa intaneti kwa maelfu ya risiva. Hakuna aliyesahau kitu. Kuna kufuli, na kuna mtu aliyelivunja, na wewe unamlipa kwa kazi hiyo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inataja wazi matumizi ya kompyuta kuvunja haki za ubunifu. Kenya ilibadili Sheria ya Hakimiliki mwaka 2019 ili mwenye haki aweze kuzitaka kampuni za intaneti zifunge tovuti za wizi, na MultiChoice, wenye DStv, ikaitumia kuzifikisha mahakamani Safaricom na Jamii Telecommunications. Kwa walioko Oman na Ghuba, mtakumbuka beoutQ, iliyochukua matangazo ya beIN, chaneli za michezo za Qatar, kuanzia 2017 na kuyauza kwa nembo yake hadi kesi ikafika Shirika la Biashara Duniani, ambalo jopo lake lilitoa ripoti Juni 2020.

Acha sheria kidogo. Mwaka 2021 TFF, shirikisho la soka la Tanzania, na Azam walisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Wastani wake ni zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka. Simba na Yanga wana wadhamini wengine wanaowagombania. Lakini klabu ndogo ya mkoani, isiyojaza uwanja, fungu lake la haki za matangazo ndilo basi la kwenda ugenini na mshahara wa mlinda mlango. Mtu anayeipenda ligi yetu na kuitazama kwa kadi iliyoibwa anamnyima huyo mlinda mlango. Hili linaniuma kuliko faini yoyote.

Waumini wananiuliza sana upande wa dini. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Kuwait Desemba 1988, lilitoa azimio kwamba haki zisizoshikika, kama za mtunzi na za mvumbuzi, zinalindwa na sheria ya Kiislamu na haifai kuzivamia. Kwa Wakristo, "Usiibe" ni amri ya saba kwa Wakatoliki na ya nane kwa Waprotestanti wengi, na maneno yake hayabadiliki kwa sababu kinachoibwa hakishikiki.

Kibanda umiza

Wengi wetu hatutaki chaneli mia mbili. Tunataka mechi moja Jumamosi. Kwa hilo kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kutazama mpira, kwa kiingilio cha shilingi elfu moja, bado ni nafuu kuliko kifurushi chochote cha mwezi. Wajibu wa leseni ni wa mwenye kibanda: anapaswa kuwa na kifurushi cha biashara, si cha nyumbani. Mwingereza Karen Murphy, mwenye baa mjini Portsmouth, alipigania haki ya kuonyesha mpira kwa kadi ya king'amuzi ya Kigiriki iliyolipiwa kihalali lakini ya bei rahisi. Tarehe 4 Oktoba 2011 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikubali kwamba kuzuia kadi ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya ni kubana soko, na Februari 2012 hatia yake ilifutwa. Lakini mahakama hiyohiyo ilisema kuonyesha hadharani vitu kama wimbo na nembo za ligi bado kunahitaji ruhusa ya mwenyewe. Wenye vibanda wanaotumia kadi kutoka nchi jirani wasome nusu zote mbili za hukumu hiyo.

Kwa hiyo uchague nini

Kama unataka habari, tamthilia za nyumbani na ibada ya Jumapili, nunua king'amuzi cha antena, weka antena juu ya paa, na usilipe tena. Chaneli za kitaifa zinatosha, na hakuna atakayekugongea mlango.

Kama unafuatilia ligi ya hapa, lipia, hata kama ni kwa mwezi wenye mechi kubwa tu. Ligi yenyewe iko Azam, kwa hiyo waulizie kwanza vifurushi vya muda mfupi; kwa mambo mengine StarTimes wana vya siku na vya wiki, na ile hoja ya "sina elfu ishirini kwa mkupuo" haina nguvu iliyokuwa nayo zamani. Haki za mpira wa Uingereza katika ukanda wetu ziko SuperSport, na bei yake ni kubwa kweli. Hapo chagua kati ya kibanda na sebule ya rafiki, mchangie chakula.

Na kama umekuta waya dirishani kama mimi, usiukate mwenyewe wala usiuunganishe na mwingine. Piga picha mahali waya ulipo, watumie wenye kebo namba ya nyumba na tarehe uliyohamia, na uwaambie waje. Wakija, omba mambo mawili kabla ya kulipa: risiti yenye jina lako, na jibu la swali la wapi wanazipata chaneli za mpira. Wangu alijibu la kwanza haraka. La pili alisema atamuuliza bosi, na hadi leo naandika hajarudi, na waya ule nimeuchomoa na kuukunja palepale kwenye kona ya dirisha, na kitambulisho chake chekundu.